Kinachoiua stataapu ya vifaa tiba ni kusubiri

Mara ya kwanza kifaa chetu kufeli maabara kilifeli kwa sababu ya waya wa kuchajia. Kilikuwa kiboksi kidogo kinachoning'inia kwenye stendi ya dripu, kinahesabu matone na kupiga kelele dripu ikisimama au ikikaribia kuisha, na pale ofisini kilikuwa kimefanya kazi miezi na miezi bila kusumbua. Tukakipeleka kwenye kile chumba cha kupima mawimbi, chenye sponji zilizochongoka ukuta mzima, wakakiwasha, grafu ikapanda juu ya mstari mwekundu, kikomo cha mawimbi ambayo kifaa kinaruhusiwa kutoa, ikakaa hukohuko. Waya wa chaji ulikuwa umegeuka antena. Fundi wetu akachomoa kwenye begi lake kile kipete cheusi cha feraiti kinachobanwa kwenye waya kuzuia mawimbi, kitu ambacho bei yake hata unaona aibu kuomba risiti, akakibana, grafu ikashuka chini ya mstari. Tukashangilia kama tumefunga goli. Alafu jamaa wa maabara akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba kifaa kimeshabadilika kwa hiyo vipimo vinaanza mwanzo, muda wetu umeisha, na nafasi inayofuata ni baada ya wiki sita.

Wiki sita, watu 9 wa kulipwa mshahara, kodi ya ofisi, na mtu wa nyaraka za ubora tuliyekuwa tunamlipa kwa siku. Usiku ule nikapiga hesabu kwenye simu nikiwa kitandani nikakuta kipete kile kimetugharimu kuliko moldi ya plastiki, kalibu la kutengenezea boksi, ambayo ndo tulikuwa tunailalamikia kila kikao. Kwenye bajeti yangu kulikuwa na mstari wa maabara, mstari wa plastiki, wa mwanasheria wa hataza, hadi wa tiketi za ndege. Mstari wa kusubiri haukuwepo. Na mpaka leo watu wananitumia mafaili yao ya Excel niwaangalizie, wamepangilia vizuri kweli, wamepaka na rangi, mstari huo haupo.

Mtu wa app akikuta kosa jioni analirekebisha usiku, asubuhi limeshafika kwenye simu za watu. Sisi ukibadilisha tu plastiki inayogusa ngozi ya mgonjwa unarudi kwenye vipimo vya kiwango cha kimataifa cha ISO 10993 kuonyesha haiwashi wala haina sumu, ukigusa saketi kuna kiwango cha usalama wa umeme cha IEC 60601, ukigusa softwea kuna IEC 62304, na chochote ulichogusa unakwenda kukifungulia ukurasa upya kwenye faili la hatari la ISO 14971 na kueleza kwa maandishi kwamba hukuzaa hatari nyingine wakati unaondoa ile ya kwanza. Sisemi ni vibaya, ningekuwa mimi ndo nimelala kwenye kile kitanda ningetaka yote yafanyike. Ila kila kimoja kina foleni yake na hakuna foleni hata moja iliyo yako, kuna ya maabara, ya kamati ya maadili ya hospitali, ya mamlaka, na wewe umekaa nje unalipa mishahara. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na waliosema hivyo hawakuwa hata na mainjinia wa kulipa.

Weka juu ya hapo hali ya hela yenyewe. Mpaka mwanzoni mwa 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri, hela ilikuwa inahangaika kutafuta pa kwenda, hata slaidi zenye picha za kuchora tu zilikuwa zinapata mtaji. Machi 2022 wakaanza kuipandisha, kufika Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5, na mwenye hela akajiuliza swali la haki kabisa, kwa nini nikae miaka kadhaa nasubiri kiboksi cha dripu wakati hati fungani ya serikali inanilipa asilimia tano nikiwa nimelala? Katikati ya hayo, Ijumaa ya tarehe 10 Machi 2023, Silicon Valley Bank ikafungwa, benki ambayo kampuni nyingi changa za teknolojia na za afya zilikuwa zimeweka humo karibu kila kitu, na bima ya amana ilikuwa inalinda dola 250,000 tu kwa mteja. Jumapili serikali ikatangaza kwamba wenye amana wote watapata hela zao kamili. Lakini fikiria wikendi ile, una hela ya mwaka mzima kwenye karatasi na hujui mshahara wa wiki unatoka wapi. Mimi tangu hapo miezi miwili ya mishahara inakaa benki ya pili, mhasibu anune asinune.

Sasa ushauri unaozunguka kila mahali ni kwamba ukitafuta mtaji hakikisha unapata wa miezi 18. Mimi naona huo ni nusu ya ushauri, na nusu yenyewe ni ile isiyo na faida. Miezi 18 ya kufanya nini? Ukiomba hela ya kuishi utapewa hela ya kuishi, utaishi, itaisha, na utarudi kwa watu walewale ukiwa na kampuni ileile, tofauti ni kwamba sasa hisa zimegawanywa zaidi na wewe umechoka. Swali la kuanza nalo ni hela hii ikiisha nitakuwa nimejibu nini, na jibu litatoka foleni ya nani, lini.

Chukua kampuni mbili, zote zimepata dola milioni moja, zote za kuhesabu matone kama sisi. Ya kwanza inaajiri mtu wa mauzo, inatengeneza boksi zuri, inakwenda maonyesho mawili, watu wanapiga nalo picha. Ya pili inachukua dola laki mbili za kwanza inajibu kitu kimoja tu, je sensa inahesabu sawasawa dawa ikiwa nzito na matone yakiwa ya polepole sana, inagundua haihesabu, inabadilisha sensa, inapima tena, inaandika ripoti. Mwezi wa 14 zote mbili hazina kitu benki. Kwa nje ile ya kwanza inapendeza zaidi, lakini mwekezaji akiziweka mezani, kwa ile ya kwanza kila alichokuwa hajui mwaka jana bado hakijui, na kwa ya pili kuna shaka moja kubwa imeondoka na ana karatasi ya kuishika. Mkono mtupu haulambwi, na boksi zuri lisilo na ripoti kwa huyu mtu ni mkono mtupu.

Na utaratibu una maana, anza na swali la bei rahisi linaloweza kukuua. Sisi tulifanya kinyume. Tulibishana wiki tatu nzima kama kitufe kiwe cha kijani au cha buluu, tukatengeneza moldi, ndo tukaenda wodini. Muuguzi wa kwanza akakishika, akakigeuza, akauliza, "Sasa hiki mnachaji wapi? Soketi zote hapa zina mashine." Sekunde kumi tu. Swali hilo lingetugharimu nauli ya kwenda hospitali tungelifuata mapema, badala yake likaja kutudai betri kubwa zaidi, na betri kubwa ikadai boksi jipya.

Kuna jibu lingine la bei rahisi ambalo watu wanaliogopa bila sababu, la mamlaka. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inayosimamia pia vifaa tiba, ina utaratibu wa kuwaandikia kabla hujawasilisha maombi, unawaeleza kifaa chako, unauliza maswali yako, lengo lao ni kukupa majibu ya maandishi ndani ya siku 70, na hawakutozi ada. Watu wanaona ukiwaandikia mapema unajichongea. Mimi naona barua ile ni mojawapo ya vitu vyenye thamani kubwa unavyoweza kumwekea mwekezaji mezani, maana inamwambia uko njia gani. Ukipita njia ya 510(k), iliyotokana na sheria ya vifaa tiba ya 1976, unaonyesha kwamba kifaa chako kinalingana na kingine kilichoko sokoni kihalali, na mara nyingi vipimo vya maabara vinatosha. Ukikosa cha kulingana nacho na hatari yako sio kubwa kuna njia ya De Novo, ya vifaa vya aina mpya. Ukiwa daraja la tatu la hatari, lile la juu kabisa, vile vya kupandikiza mwilini na vya kushikilia uhai, kwa kawaida unakwenda PMA, njia ya idhini iliyo ngumu kuliko zote, na unahitaji majaribio makubwa kwa wagonjwa, na hiyo ni bajeti ya aina nyingine kabisa. Nimeona mtu anaomba mtaji wa 510(k) kwa kifaa cha PMA. Alipewa, na hilo ndo lilikuwa balaa lake. Alafu usisahau kujisajili kama kampuni ndogo kabla ya kulipa ada, kwa 510(k) unalipa robo tu, ni fomu inayojazwa na watu wanaisahau.

Ulaya nako, kanuni mpya za vifaa tiba zilianza kutumika rasmi tarehe 26 Mei 2021 na softwea nyingi ambazo zamani ulikuwa unajithibitishia mwenyewe zikapandishwa daraja, zikahitaji taasisi ya ukaguzi kutoka nje. Foleni ikawa ndefu mpaka mwaka 2023 ikabidi vifaa vya zamani viongezewe muda hadi 2027 na 2028. Kifaa kipya hakikupata huruma hiyo.

Kuhusu aina za hela nitasema machache, maana mwanasheria wako ataeleza vizuri kuliko mimi. Ruzuku ni tamu kwa kuwa hutoi hisa, lakini ruzuku inapenda kitu kipya cha kusisimua, na kinachokupeleka sokoni ni vitu vya kuchosha kama mfumo wa ubora wa ISO 13485 ambao hakuna mtoa ruzuku atakayeuandikia habari. Hela ya daraja, ule mkopo unaogeuka hisa baadaye, ni nzuri kama ng'ambo kuna kitu. Ukijenga daraja huku hujui linatua wapi umejenga gati tu, utasimama mwishoni kabisa unaangalia maji. Kampuni kubwa ya vifaa tiba ikitaka kuwekeza kwako angalia kama inadai haki ya kununua kabla ya wengine, wengine wakijua ipo hawahangaiki kutoa ofa, nani anataka kufanya kazi ya kumpangia bei mpinzani wake? Na soma mstari wa nani analipwa kwanza. Mwekezaji kaweka dola milioni 5 kwa sharti la kurudishiwa mara mbili kabla ya mtu yeyote, kampuni ikauzwa milioni 10, yeye anachukua zote 10, wewe na mainjinia wako mnapata pongezi.

Hela ninayoipenda kuliko zote ni ya mteja, hata kama ni ya kazi nyingine. Medtronic, leo moja ya kampuni kubwa za vifaa tiba duniani, ilianza 1949 gereji ya Minneapolis, Marekani, Earl Bakken na shemeji yake Palmer Hermundslie, wanatengeneza mashine za hospitali zilizoharibika, na mwezi wa kwanza waliingiza dola 8. Nane. Lakini kazi ile ya ufundi ilimweka Bakken ndani ya hospitali kila siku, ndo maana umeme ulipokatika mji ule tarehe 31 Oktoba 1957, na vifaa vya kuendesha mapigo ya moyo vya wakati huo vilikuwa vinachomekwa ukutani, daktari wa upasuaji C. Walton Lillehei alijua amuulize nani. Bakken akakumbuka mzunguko wa metronomu, kile kidude cha kumgongea mwanamuziki mapigo, aliouona kwenye gazeti la elektroniki, wiki nne baadaye akawa na kiboksi cha kuendesha moyo kwa betri. Kikatumika kwa mgonjwa karibu mara moja, maana sheria yenyewe ya 1976 ilikuwa bado miaka karibu ishirini, leo ukifanya hivyo unaweza kwenda jela, na ni sawa. Na hata hao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikaribia kufilisika ikabidi waokolewe na mtaji wa nje. Ila angalizo, kazi ya pembeni ina tabia ya kuhamia katikati. Tulichukua kandarasi ya kuchora saketi za kampuni nyingine ikatulipa miezi minne ya mishahara, na miezi hiyo minne injinia wetu bora hakugusa kifaa chetu hata siku moja.

Theranos, ile kampuni ya Marekani iliyodai inapima magonjwa kwa matone machache ya damu, kila mtu anaijua. Ilianzishwa 2003, 2014 ilithaminishwa dola bilioni 9, 2018 ikafungwa, Januari 2022 mwanzilishi wake Elizabeth Holmes akatiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa kila anayefuata anaambiwa fungua gunia. Wenzangu wengi wanalalamika kwamba wawekezaji wamekuwa wasumbufu, wanataka data ghafi, wanataka kuongea na maabara. Mimi nafurahi. Kwenye slaidi zetu niliweka ile grafu iliyofeli, na pembeni ile ya baada ya kipete, na kuna mama mmoja mwekezaji aliruka slaidi zote za soko tulizozihangaikia akakaa kwenye hiyo dakika ishirini.

Kinachonikera kwenye mijadala hii ni kwamba tunaongea kana kwamba kampuni ikifa wanaoumia ni waanzilishi na wawekezaji. Second Sight ya Marekani ilitengeneza Argus II, kifaa cha kupandikiza jichoni kinachompa kipofu uwezo wa kuona vimwangaza na maumbo. Ilikuwa teknolojia ya kweli, Ulaya waliikubali 2011, FDA wakaikubali 2013, na zaidi ya watu 350 wakapandikizwa. 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza ili iweke nguvu kwenye kifaa kipya cha ubongo, Machi 2020 hela zikakata ikafukuza karibu wafanyakazi wote. Wale watu wakabaki na kitu kichwani ambacho kikiharibika hakuna wa kumpigia simu, vipuri hakuna, na wengine walikuja kujua habari hizo kwa kuzisikia tu. Ukiwauliza wa fedha watakwambia walihamisha nguvu kwenye bidhaa yenye soko kubwa zaidi, na kwa slaidi ni uamuzi unaoeleweka kabisa.

Kifaa chetu ni cha kuning'iniza, ukikichoka unakitupa. Hata hivyo baada ya kusoma habari ile nilikaa na mwanasheria tukaandika kwenye mkataba wa majaribio kwamba kuna hela imewekwa pembeni ya kuvikusanya vifaa vyote na kumwarifu kila muuguzi mkuu kama tukifunga, na hela hiyo haihesabiwi kwenye miezi tuliyobakiza. Mjumbe mmoja wa bodi aliniambia naiweka sanda kwenye kabati la harusi. Sawa. Ila anayepandikiza kitu ndani ya mwili wa mtu bila hela hiyo, kwangu mimi hajamaliza kutengeneza kifaa.

Narudi kwenye zile wiki sita. Kosa langu kubwa halikuwa kipete, lilikuwa kunyamaza. Nilijua tumebakiza wiki 11 za mishahara nikawa naingia ofisini natabasamu, nasema mambo yanaenda, kuna mazungumzo mazuri na watu fulani. Nilifikiri nawakinga. Msambazaji wetu wa vijenzi ndo aliyenisema bila kujua, alianza kudai alipwe kabla ya kutuma, fundi akaona oda imekwama akaelewa. Akanifuata jioni watu wameondoka, mkono bado una harufu ya risasi ya kulehemu, akasema, "Bosi, mwezi ujao tupo au hatupo? Maana mimi nina watoto, na huyu kijana wa softwea ameitwa interviu akakataa kwa sababu yako." Hilo la mwisho lilinimaliza. Kijana alikuwa anaweka rehani maisha yake kwenye tabasamu langu.

Kesho yake nikawaita wote, nikafungua laptopu, nikawaonyesha salio lenyewe, tarehe ambayo linaisha, mwekezaji gani amesema nini kwa maneno yake na sio kwa maneno yangu ya kupamba, na nikasema wazi kwamba yule mama mwekezaji anasubiri ripoti ya maabara na bila hiyo hakuna kitu. Wawili waliondoka ndani ya wiki mbili, nikawaandikia barua nzuri, sikuwalaumu. Kijana wa softwea alibaki kwa nusu mshahara na hisa kidogo, akaniambia kilichokuwa kinamchosha ni kutojua. Cha kushangaza ni kilichotokea kwa waliobaki, kila mtu akaanza kutafuta foleni ya kuruka. Mtu wa nyaraka akaziandaa kurasa zote zinazobadilika kwa sababu ya kipete kabla ya kipimo, zikabaki kusainiwa tu. Fundi akapiga simu maabara kila asubuhi kuuliza kama kuna mtu ameahirisha, kila asubuhi, mpaka dada wa mapokezi akawa anamjua sauti, na wiki ya nne mtu akaahirisha kweli.

Tukaingia Jumanne. Grafu ikapita chini ya mstari mwekundu saa tano asubuhi, mimi nikaruka, kijana akaruka. Fundi alibaki amekaa palepale kwenye kiti, mkono ameunyoosha kwa jamaa wa maabara, anasema, "Nipe karatasi kwanza."